Funga Nira, Mura

Uko wapi?

Usinijibu kwamba uko Machochwe. Mwili wako nauona. Umeegemea ukuta wa duka, vumbi la barabara ya Mugumu limejaa kwenye viatu, simu iko mkononi na kidole gumba kinasukuma picha juu, juu, juu. Hayo yote nayaona. Ninachouliza ni wewe mwenyewe uko wapi, maana nimekusalimia mara mbili na hujaitika.

Kichwa chako kiko Nyamongo, kinahesabu dhahabu ya mtu mwingine. Kiko juzi, kwenye neno alilokutamkia shemeji yako mbele za watu. Kiko Januari ijayo, kwenye sare na madaftari ya watoto. Tangu alfajiri kimezunguka mkoa mzima wa Mara bila nauli, na hakijarudi hata na kilo moja ya sukari.

Mwili umebaki hapa peke yake, kama nyumba iliyoachwa mlango wazi.

Mura, utaishi lini?

Unasema umechoka. Nakubali, umechoka. Lakini niambie ukweli: umechoka kwa kulima, au umechoka kwa kuwaza kulima? Jembe ulilishika saa moja asubuhi. Mawazo ulianza kuyabeba saa tisa usiku, ukiwa umelala chali unatazama bati, na mpaka sasa hujayatua.

Nitakwambia cha kufanya, na najua utacheka. Nitasema pumzi. Nitasema yoga. Haya, cheka. Cheka umalize, halafu unisikilize.

Ulidhani yoga ni ya wageni wa kambi za kitalii kule ndani ya hifadhi ya Serengeti, wanaotandika vimkeka na kukunja miguu jua likichomoza. Umesimuliwa na kijana anayefanya kazi huko, ukatikisa kichwa: watu wana pesa za kuchezea. Mambo ya watu wasio na shamba.

Unajua neno lenyewe limetoka wapi?

Limetoka India, kwenye Kisanskriti, na shina lake lina maana ya kufunga nira.

Nira!

Ule mti unaolazwa kwenye shingo za maksai wawili ili wavute plau kwa pamoja. Kuna watu mjini wanaolipia darasa la yoga na hawajawahi kuiona nira kwa macho. Ukiwatajia watataka uwachoree. Wewe ulikua nayo. Ulianza ukiwa mtoto, unatangulia mbele ya ng'ombe umewashika kamba, umande unakulowanisha magoti. Ukapewa fimbo. Siku moja ukapewa mikono ya plau, na siku hiyo ulirudi nyumbani ukitembea tofauti. Nani atakufundisha wewe kinachotokea maksai mmoja akivuta huku mwenzake akitazama majani ya pembeni? Mstari unapinda. Plau linaruka juu ya udongo. Unafoka, unachapa, jua linapanda, na shamba liko palepale.

Basi hao maksai wawili ni wewe.

Mmoja ni mwili. Mwingine ni akili. Mwili uko kwenye mstari unavuta, akili iko pembeni inatafuna majani ya mwaka jana. Halafu unalala usiku unajiuliza kwa nini maisha yako yamepinda!

Nira ya kuwafunga pamoja ni pumzi. Wahindi waliliona hilo zamani. Maandiko yao ya yoga yanayohusishwa na Patanjali yana zaidi ya miaka 1,500. Dunia iliyobaki imelichukua polepole. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO, ileile iliyoiweka Serengeti jirani yako kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaiandika yoga ya India kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Sawa. Wewe huhitaji hati ya UNESCO. Lugha yako ilikuwa inakuambia siku zote.

Pumzi. Pumua. Pumzika.

Umesikia maneno hayo yalivyo ndugu wa tumbo moja? Kiswahili kilipotafuta neno la kumpa mtu aliyechoka, hakikumwambia alale wala anywe. Kilimrudisha kwenye pumzi yake. Na yale maneno mawili unayoyatamka kila siku, nafsi na nafasi, yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wenye pumzi ndani yake. Unalalamika huna nafasi? Uliiachia wapi? Iko chini ya pua yako.

Najua unakohoa kidogo sasa. Unataka kusema hii ni dini ya watu. Ni swali la haki, nitalijibu bila kuzunguka. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na wapo hadi leo wanaoifanya kama ibada. Mimi sikuletei ibada. Nakuletea kuvuta hewa na kunyoosha mgongo, na mapafu hayana dhehebu. Lakini nami nikuulize: hiyo sala yako mwenyewe, iwe ya Jumamosi, ya Jumapili au mara tano kwa siku, unaisali ukiwa wapi? Umepiga magoti mbele ya Mungu na kichwa kiko mnadani kinapanga bei ya ndama. Unadhani haoni?

Visingizio vingine nitavipitia haraka, maana havistahili muda. Huna mkeka? Una ngozi ya ng'ombe, una khanga, una ardhi. Huna mwalimu? Nairobi, tangu mwaka 2007, mradi uitwao Africa Yoga Project, ulioanzishwa na Mmarekani Paige Elenson, umewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda wakawa walimu wa wenzao. Vijana wa mabanda, mura! Vyumba vya bati, kelele pande zote, maji ya kununua kwa dumu. Wamepata pa kunyooshea mgongo. Wewe una uwanda mzima mbele yako na unaniambia huna mahali?

Sasa njoo tumtazame jirani yako pundamilia.

Simba akitokea, moyo wa pundamilia unadunda, damu inakimbilia miguuni, anatimka. Simba akimkosa, si muda mrefu yule pundamilia ameinamisha kichwa anakula majani. Amerudi. Yuko hapo alipo. Hasimulii. Hakai macho usiku akijiuliza kama simba wa Alhamisi atakuwa mkali kuliko wa Jumanne. Kuna mtafiti wa Kimarekani, Robert Sapolsky, aliyewafuatilia nyani wa Masai Mara, pale ng'ambo tu ya mpaka, kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1994 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili: kwa nini pundamilia hapati vidonda vya tumbo na sisi tunavipata. Kiini chake ni rahisi. Mnyama humwogopa simba aliyepo. Mtu humwogopa simba asiyekuwepo, na mwili wake hauwezi kutofautisha.

Rejesho la kikoba ni simba. Matokeo ya mtoto ni simba. Ujumbe wa simu usiojibiwa ni simba. Moyo unadunda, misuli inakaza, tumbo linafunga, nawe umekaa tu kwenye kigoda! Huna unakokimbilia. Unakimbia umekaa. Ndiyo maana jioni mabega yanauma kana kwamba umebeba magunia.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo penye kazi.

Moyo hauna masikio. Uambie upunguze mwendo, haukusikii. Tumbo uliambie litulie, haliko nawe. Lakini pumzi ina mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiwa usingizini inaenda yenyewe bila kukuomba ruhusa, na ukiamka ukaiamrisha inatii. Moyo nao huifuata. Ukivuta hewa ndani, unaongeza kasi kidogo. Ukiishusha, unapunguza. Kuna neva ndefu inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni, ikagusa moyo, ikashuka hadi tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuushikia moyo breki. Pumzi ndefu ya kutoka nje huikanyaga breki hiyo. Ndiyo maana mzee akipokea habari nzito hashiki simu kwanza, anashusha pumzi. Umewahi kumwona. Ulidhani ni uzee.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chukua 15. Kwa saa 24 hizo ni pumzi 21,600.

Elfu ishirini na moja na mia sita!

Leo umehudhuria ngapi?

Hata moja?

Basi tuanze sasa, hapohapo ulipo, usisubiri Jumatatu. Kaa wima, usijikunje kama mtu anayesubiri kukamatwa. Weka mkono juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, na mkono uinuke. Kama kinachopanda ni kifua na mabega, tumbo limelala, unapumua kama mtu anayekimbizwa. Rudi chini, tumboni. Sasa shusha polepole ukihesabu mpaka sita. Hizo ni sekunde kumi. Fanya mara sita, dakika imetimia. Fanya dakika tano na maji ya chai bado hayajachemka. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Na kama una pumu, au presha, au moyo wako una historia, haya hayachukui nafasi ya kituo cha afya wala vidonge ulivyoandikiwa. Nisije nikasingiziwa.

Utashindwa, nakuhakikishia. Mimi mara ya kwanza nilifika hesabu ya tatu nikajikuta nawaza bei ya mahindi. Nikarudi. Nikajikuta nabishana na mtu aliyenikopa mwaka juzi, tena nilikuwa namshinda kwa hoja. Nikarudi. Nikajikuta nashangaa kwa nini sijawaza kitu. Nikarudi. Nilikaribia kunyanyuka nikasema haya si ya watu kama sisi, ndipo nikamkumbuka maksai wa baba mwenye kichwa kigumu. Akitoka kwenye mstari, tulifungua nira tukaenda nyumbani? Tulimrudisha. Akitoka tena, tulimrudisha tena. Hata mara mia kwa asubuhi moja, na jioni shamba lilikuwa limelimwa.

Kumrudisha ndiko kulima kwenyewe.

Mgongo nao usiuache. Ukimaliza mistari kadhaa, simamisha ng'ombe, shika mikono ya plau, rudi nyuma hatua tatu, inama mpaka mgongo unyooke kama meza, kichwa katikati ya mikono. Pumua mara tano hapo. Mjini hilo lina jina na lina ada. Kuna zoezi lingine linaloitwa la paka na ng'ombe, na usinambie wewe hutaliweza la ng'ombe! Piga magoti, viganja chini kama mtoto anayetambaa. Ukivuta hewa, acha tumbo lishuke na kichwa kiinuke, ng'ombe huyo. Ukiitoa, kunja mgongo juu kama paka aliyetishwa na mbwa. Polepole, mwendo wa pumzi. Na kuchutama, visigino vikiwa chini, namna bibi zetu wanavyochutama wakichambua mboga saa nzima bila kulalamika magoti: kuna watu hulipa fedha wakajifunze kuchutama hivyo. Wewe unakimbilia kiti cha plastiki.

Mama, usidhani nimekusahau. Nakuona kwenye foleni ya maji, ndoo mbele yako kumi na mbili. Nakuona mashineni, unga wa watu unapaa hewani. Unaniambia huna hata dakika moja, na nakuamini, kwa sababu hakuna aliyekupa. Ndiyo maana nasema uichukue. Foleni si itakuwepo tu? Ndoo kumi na mbili hazitasogea kwa sababu umekunja uso. Simama, miguu ibebe uzito wako sawasawa, legeza taya, legeza vidole. Nne ndani, sita nje. Ndoo ikiwa kichwani, hesabu kwa hatua. Shingo yako imebeba maji miaka yote hiyo bila kumwagika tone. Unadhani hiyo haikuwa akili na mwili chini ya nira moja? Ulishaweza. Ulikuwa hujui tu kwamba unaweza na kwingineko.

Usiku ndio mgumu zaidi.

Unaijua saa ile. Umo kwenye dungu, mahindi yamekomaa, tochi iko mapajani, debe liko tayari. Upande wa hifadhi ni giza tupu. Kisha tawi linavunjika. Moja tu. Kifua kinabana, masikio yanajaa mdundo wa damu yako mwenyewe, na hapo ndipo unapokuwa kipofu na kiziwi ukiwa macho wazi. Tembo yuko upande gani? Ni mmoja, au kuna wengine wamekwishakupita? Upepo unaelekea wapi? Wenzako wako wapi? Hujui lolote, kwa sababu kichwa kimekimbia kabla ya miguu.

Pumzi moja ndefu haimgeuzi tembo. Sikudanganyi. Ila inakurudishia masikio. Inakurudishia hesabu ya wenzako na njia ya kuondokea. Mtu aliye hapo alipo anapiga debe kwa wakati wake na anaondoka kwa wakati wake. Aliyehama kichwani anakimbia gizani bila kujua anaelekea kwa nani.

Na asubuhi, ukikuta tembo amekula kazi ya miezi minne, sitakuja na mkeka kukwambia upumue uridhike. Asije mtu yeyote kutumia maneno yangu hivyo. Kadai kifuta jasho. Fuata utaratibu, wapeleke wahusika wakapime shamba, rudi tena na tena mpaka jina lako lionekane. Pumzi ni ya kukufikisha ofisini ukiwa na kumbukumbu ya tarehe na ekari kichwani, usifike umewaka, ukatukana, ukaondoka bila kuandikisha kitu. Mtu mtulivu ni mgumu sana kumfukuza mlangoni.

Nilisema umewaka. Tuliongelee na hilo, maana wengi wetu linatumaliza.

Jirani amesogeza mpaka hatua mbili. Damu imepanda, mkono umeshakwenda kwenye panga lililochomekwa kwenye bati. Kati ya mkono na panga kuna nini? Kuna pumzi moja. Sekunde kumi. Ndani ya sekunde kumi hizo kuna wewe wa jioni ya leo, ama umekaa nyumbani unakula ugali wa mtama na wanao, ama uko mahabusu Mugumu unajuta huku ukoo wako unauza ng'ombe kukutafutia wakili. Wanaume wangapi unaowajua walipoteza miaka kwa kukosa sekunde kumi? Wahesabu kwa majina, kimoyomoyo. Mimi nina wawili.

Halafu uniambie kupumua ni mambo ya kike. Kushusha pumzi huku jirani anakutukania mama ni kazi nzito kuliko gunia la kilo mia. Wewe ni mwanaume wa kubeba gunia tu?

Na nyumbani? Mkeo anakueleza habari ya mtoto anayekohoa usiku, nawe unasema ee, ee, macho kwenye kioo cha simu. Akikuuliza amesema nini, hujui. Mwanao amekuja na daftari lenye alama nzuri, ya kwanza tangu aanze shule, umemwambia weka hapo. Aliweka hapo. Amekwenda nje kucheza. Alama nyingine atampelekea nani?

Hata nyama! Jumamosi umekaa na wenzako, nyama imechomwa, kichuri kimewekwa kwenye bakuli, uchungu wake ule wa kumwamsha maiti. Ukachovya, ukala, ukamaliza, huku unasoma ugomvi wa watu usiowajua kwenye simu. Mtu anakula kichuri bila kukisikia! Mura, kichuri kinakupita mdomoni? Kama hicho hukukisikia, basi ni kipi kilichobaki cha kukuamsha?

Amka.

Usiseme maisha yako ni madogo hayastahili uangalifu wote huu. Nani kakudanganya? Sisi tuliozaliwa mkoa huu tulimtoa Butiama mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 akachunga mbuzi wa baba yake, na dunia nzima ikaja kumjua. Hakuanza shule mpaka alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili. Wewe una ishirini na saba na unaniambia muda umepita!

Tazama muda wenyewe ulivyo. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo. Mbio za marathoni za mashindano ya dunia. Mtanzania mwenzako Alphonce Simbu, mtu wa Singida, amekimbia kilomita 42 na ushee, na kwenye mita za mwisho yuko mbele yake Mjerumani Amanal Petros. Walipovuka utepe saa ikawaandikia muda uleule, saa 2 dakika 9 sekunde 48. Ilibidi picha iamue. Simbu amemshinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Sehemu tatu za mia!

Kope haijafunga na kufunguka, muda huo umekwisha. Simbu alikuwa na mengi ya kuwaza pale kama angetaka. Alikuwa na shaba ya London ya 2017. Alikuwa na nafasi ya tano ya Olimpiki ya Rio. Alikuwa na nafasi ya pili ya Boston, Aprili ya mwaka huohuo. Sikuwa kichwani mwake, siwezi kukwambia alichowaza. Ninachojua ni hiki: kifua kilichoufikia utepe kwanza hakikuwa London wala Rio. Kilikuwa Tokyo.

Wewe je, mara ngapi umekaribia utepe wako na kifua chako kiko kwingine? Mteja alisimama dukani, hukumwona. Mvua ilikuwa inanusa, hukutoka kuitazama. Baba yako alitaka kukwambia jambo jioni moja, akakuona una haraka, akanyamaza. Sasa hayupo wa kulisema.

Samahani, hilo la mwisho ni langu. Lakini chukua, litakufaa.

Mvua ya kwanza ya kulimia ikinyesha huwa huniambii utaanza wiki ijayo. Unaamka gizani. Hungoji udongo uwe mwepesi zaidi, hungoji plau jipya, hungoji moyo upende. Unajua udongo uliolowa haukungoji. Kwa nini basi siku yako mwenyewe uichukulie kama ghala lisiloisha? Pumzi 21,600, halafu jua linazama upande wa ziwa, na hazirudi. Jana ulipewa kiasi kilekile. Ulizitia wapi?

Kwa hiyo kesho sitaki kusikia mpango. Sitaki ratiba ya siku thelathini, ubandike ukutani, ikauke hapo na kalenda ya mwaka jana. Nataka uamke kabla simu haijaamka. Izime, iache chini ya mto. Toka nje peku.

Umande utakuuma nyayo. Vizuri, acha uume. Jogoo wa jirani atawika akiwa amechelewa kama kawaida yake. Moshi wa jiko la kwanza utakuwa umelala juu ya mapaa, haujajua uelekee wapi. Upande wa hifadhi, ukiwa mtulivu, huenda ukasikia kitu kinakoroma mbali, na hutajua ni fisi au ni nini, na si lazima ujue.

Maksai wamesimama zizini, mvuke unawatoka puani. Watazame. Mmoja anavuta hewa, mbavu zinafunguka kama milango, anashusha, zinafunga. Hana haraka. Ana ekari nzima mbele yake leo na hana haraka.

Simama naye. Weka kiganja ubavuni mwake.

Vuta. Moja, mbili, tatu, nne.

Shusha. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Akili imekwenda Nyamongo? Irudishe. Bila kuitukana.

Vuta.

Shusha.

Haya, chukua nira, twende shambani.